Chelezo

Ilizimika siku ya malipo,
saa tatu asubuhi, wakulima wamejaa barazani Hombolo
na kofia zao magotini.
Umeme ulikatika, ukarudi kwa pigo, ukakatika tena.
Nilipoiwasha ilitoa kistari kimoja cheupe,
kikapepesa, kikapepesa,
ikanyamaza.

"Ngojeni kidogo," nikasema mimi katibu.
Kidogo hicho kilikuwa siku nne.

Nikaifunga kwa shuka, nikaipakata kwenye bodaboda
kupita Ihumwa hadi Majengo,
kibandani kwa Yunisi Chedego, fundi,
kati ya muuza mitumba na mtengeneza saa.
Akafungua skrubu nane. Vumbi jekundu likamwagika mezani,
la kujaza kikombe.
"Miaka mingapi?"
"Sita."
Akachukua brashi ya rangi, akapiga kimya.

Akachomoa diski, akaniwekea sikioni.
Tik. Tik. Tik. Kuku anadonoa sahani tupu.
"Nakala iko wapi?"
Ipo, nikamwambia, nilitengeneza,
humo humo ndani, kwenye jalada nililoliita AKIBA.
Afadhali angecheka.
"Umefungia funguo ndani," akasema,
"kisha ukachongesha ya pili, ukaifungia humo humo."

Vitabuni, aliniambia, nakala hiyo wanaiita chelezo.
Chelezo nakijua. Bwawani kwetu
ni kipande cha ndala kilichokatwa kwa kisu,
kimefungwa kwenye wavu ili kielee
na kusema: kilichozama kiko hapa.
Mimi nilizamisha bila ndala.

Usiku wa kwanza hakutengeneza kitu.
"Kwanza tunanyonya kilichopo. Mgonjwa huyu
kila akiamshwa anajikwaruza."
Akaipoza kwa feni, akaiamsha, akanyonya, akailaza.
Nilikaa juu ya kreti ya soda nikihesabu asilimia
kama anayehesabu matone ya dripu.
Saa nane za usiku majina yakaanza kurudi:
Mazoya, kilo 312.
Mbeleje, kilo 87, zabibu nyekundu.
Sudayi, kilo ????
Nda??ni, na huyo ni baba yangu mdogo,
karudi na shimo kifuani.

Machi haikurudi.

Nikafika Hombolo na mashine nzima
na mwaka wenye pengo.
Nikaanza kueleza habari ya diski.
"Sitaki hadithi," alisema Mbeleje, "nataka hela."
Akafungua kopo la mafuta ya kupikia: stakabadhi
zimetungwa kwenye uzi, zinanuka moshi wa jikoni.
"Hizi ni nusu. Nusu ziko kwa dada yangu Chihanga."
Nikamuuliza kwa nini.
"Mbegu ya uwele nayo hailali nyumba moja.
Kwani wewe ulizaliwa wapi?"

Sikujibu. Nilichapa.
Wengine walileta karatasi zilizokunjwa ndani ya Biblia,
mmoja alizitoa kwenye soksi,
na mpaka adhana ya magharibi Machi ilikuwa imesimama
ikiyumba, lakini imesimama.

Isipokuwa Malogo. Stakabadhi yake
aliisokotea tumbaku.
Kamati ikamlipa kwa kukisia.
Tukikutana njiani ananisalimia
akiangalia mbuzi wake.

Siku hizi kila Ijumaa natoa nakala tatu:
moja mezani kwangu, moja naipeleka mjini kwa Yunisi,
na moja, flashi ndogo kuliko kidole,
iko Chihanga kwenye kopo la dada yake Mbeleje,
ambaye hajui ina nini na hajauliza.
Mwisho wa mwezi nazifungua zote
nione kama zinafunguka.

Ukisogeza chini hadi Malogo, Machi,
utakuta kisanduku kitupu. Makisio sikuyaandika.
Kila Ijumaa nakinakili hicho nacho,
mara tatu.